Somo: Kufunga inveta kwenye gari la kulala bila kuunguza waya

Ndugu wanachama, inveta ni kifaa kinachogeuza umeme wa betri wa volti 12 uwe wa volti 240 kama wa nyumbani. Wengi wetu tunaogopa soketi ya volti 240, na ni haki kuiogopa, maana inaua. Ila moto wa gari mara nyingi huanzia upande wa betri, kwenye volti 12, ambako ukigusa hupigwi na hivyo hushtuki.

Nililijua hilo usiku mmoja kando ya Ziwa Bunyonyi. Baridi ya Kabale mnaijua: madirisha nimefunga, sufuria ya umeme ya wati 500 inapika wali. Nikasikia harufu ya plastiki. Kupeleka mkono chini ya kiti, ganda la waya limelainika kama ubani uliotafunwa, vidole vyangu vikaacha alama. Fundi alikuwa amenifungia waya wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi za nyumbani, na fyuzi hakuweka kabisa.

Hatua ya kwanza ni hesabu. Gawanya wati kwa 12. Wati 1,000 ni kama ampea 83, na kwa kuwa inveta nayo hupoteza kiasi, weka 100. Huo ni mkondo mkubwa mno.

Ya pili, mahali. Funga karibu na betri, pakavu, penye hewa ya kupita. Usiibane kwenye sanduku moja na betri ya maji, kwani betri hiyo ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto.

Ya tatu ndiyo roho ya kazi, msiifanye kwa haraka. Kwa inveta ya wati 1,000 na waya usiozidi mita moja na nusu, mimi natumia shaba ya milimita 35 za mraba, chanya na hasi sawa. Vichwa vya shaba vya ncha za waya vibanwe kwa koleo lake. Kugongwa kwa nyundo hakufai, kwa sababu barabara za vumbi kuelekea Kidepo hutikisa kila kitu hadi kilegee, na palipolegea ndipo panapochemka. Fyuzi ya ampea 125 ikae kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Kazi yake ni kulinda waya. Ukiiweka kule kwenye inveta, waya wote wa katikati umeuacha bila mlinzi. Halafu unganisha kasha la chuma la inveta na chasi ya gari.

Mwisho washa, weka mzigo, na baada ya dakika kumi pitisha mkono kwenye kila kiungo. Uvuguvugu si neno. Pakikuchoma, zima, rudia kufunga.

MASWALI

*Kutoka Jinja: Kaka, naweza kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari?*
Kwa simu na laptopu, sawa. Tundu lile kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 hadi 20, kwa hiyo usipite wati 120 hivi. Tafadhali usibadilishe fyuzi ukaweka kubwa.

*Kutoka Arua: Inveta yangu hulia pii-pii nikiwasha blenda, na betri imejaa. Shida nini?*
Pima volti kwenye betri, kisha kwenye inveta, blenda ikiwa inazunguka. Zikitofautiana kwa nusu volti au zaidi, waya ni mwembamba au kiungo kimelegea.

*Kutoka Mbarara: Betri ya ampea-saa 100 itapika kwa muda gani, mwalimu?*
Ikiwa ni ya risasi na asidi, tumia nusu tu isife mapema. Hiyo ni kama wati-saa 600. Sufuria yangu ingeimaliza kwa saa moja.

*Kutoka Entebbe: Nikifika kambini penye umeme, nichomeke gari huku inveta inawaka?*
Hapana, dada. Umeme wa kambi na wa inveta usikutane kwenye soketi zile zile. Inveta itaharibika, na plagi ya nje inaweza kubaki na umeme mkononi mwako. Weka swichi ya kubadilisha inayoruhusu upande mmoja tu. Kabla swichi hiyo haijafungwa, zima inveta kwanza, ndipo uchomeke.