Chumba na ukumbi, pesa ndo hizo: kupamba nyumba ya mwanzo hapa Unguja

Tulipohamia nyumba yetu ya mwanzo baada ya harusi pesa yote ya mapambo niliitia kwenye makochi ya mahameli, tukakopeshwa dukani tulipe kidogo kidogo, tukayabana ukutani maana ukumbi wenyewe mdogo. Ikaja masika. Siku nimeyavuta nifagie nakuta nyuma yamefanya ukungu, na rangi ya ukutani imevimba, ukiigusa tu inabanduka na chini yake unga mweupe wa chumvi. Nililia wallahi, na deni bado linatusubiri. Kwahiyo wenzangu mnaoanza, anzieni ukutani na chini, makochi yatakuja baadae.

Ukuta upakeni chokaa. Rahisi kuliko rangi na inapumua, yani unyevu unapata pa kutokea, wakati rangi ya mafuta inaufungia ndani ndo maana inavimba. Kwanza muulize mwenye nyumba, halafu kama kuna rangi ya zamani ikwangue mpaka ufike kwenye plasta, chokaa haishiki juu ya rangi. Nunua iliyokwisha zimwa, ile ya mawe ukiitia maji inachemka na inaunguza watu. Iloweke usiku kucha kwenye ndoo ya plastiki, asubuhi chuja kwa kitambaa, ongeza maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, wengi wanaifanya nzito kama uji wakidhani ndo itakaa, ikikauka inapasuka. Rashia ukuta maji kisha paka. Mkono wa kwanza utaona kama hujapaka kitu, usiongeze hapohapo, iache, ikikauka ndo weupe unatoka. Mikono mitatu inatosha. Kinga macho, ikiingia jichoni inaunguza vibaya, na usipake Machi mpaka Mei mvua za masika haziiachi ikauke.

Chini tandika mkeka. Pima ukumbi kwa futi kabla hujatoka nyumbani, kisha ukifika kwa muuzaji ugeuze mkeka uangalie upande wa chini pale ukili, yani ule utepe uliosukwa, ulipoungwa, mshono ukiwa umeachana hata kidogo muachie mwenyewe. Ya ukindu kutoka Pemba mie naipenda zaidi, laini na rangi zake zimekaa. Tia jamvi chini yake, na kila wiki uanike kidogo asubuhi, jua la mchana linafifisha rangi.

Mapazia ni kanga, hapa sina mjadala. Doti moja inakupa vipande viwili, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa mita moja na kitu, dirisha la kawaida limekwisha. Ukiangika kwa kusimamisha jina linalala ubavu halisomeki, kwa dirisha fupi angika kwa upana jina likae chini. Na lisome kabla hujanunua! Kanga ya mafumbo ya ukewenza ukiitundika ukumbini kila mgeni atajiuliza kaambiwa yeye. Roweka maji kwanza, kisha pinda pembeni, fundi cherehani anakupindia kwa pesa kidogo. Fimbo ya pazia usinunue ya chuma, upepo wa bahari unaila kutu na kutu inaingia kwenye nguo, tafuta fito ya mvinje iliyonyooka, menya, piga msasa.

Taa: kawa la kufunikia chakula, toboa juu, pitisha waya, tia balbu ya LED ya mwanga wa njano. LED tu, balbu za zamani zinapata moto na ukili unashika. Usiku ule mwanga unaopita kwenye misuko unavyotua kwenye ukuta wa chokaa, mie hukaa tu nikautazama.

Na siku mtakapopata makochi, ya mitumba au ya fundi, yaacheni mbali na ukuta kama shibiri moja.