Kukausha shiti za mpira kwa kaushio la jua

Mpira wa asili nchini unatoka Muheza na Kilombero, si Dar. Mimi ni seremala wa Keko. Mteja wa Muheza aliniagiza kaushio, nikalijaribia uani kwangu Mbagala kwa shiti mbichi, yaani utomvu wa mpira ulioganishwa ukawa bapa, alizonitumia kwa basi. Likishinda unyevu wa pwani hii, kwake halitasumbua.

1. Kabati. Tengeneza la mbao na plaiwudi, urefu wa mtu, lisiloingiza mwanga. La kwanza nililifunika nailoni angavu, jua likazipiga shiti zenyewe. Siku ya tatu zilinata kama jojo iliyotafunwa. Jua linaharibu mpira. Tunachotaka kwake ni hewa ya moto tu.

2. Bati. Chukua bati la migongo, lipake rangi nyeusi isiyong'aa, weka kioo juu yake ukiacha nafasi ya sentimita 10. Ulaze mshazari, uso uelekee kaskazini. Hewa iingie upande wa chini, ipate moto ikipanda, itokee chini ya kabati. Juu ya kabati weka bomba la kutolea mvuke, nono kabisa. Wateja wengi wanaliona bomba kama tundu la kupotezea joto, wanataka nilizibe. Ukiziba, umepika shiti kwa mvuke wa maji yake.

3. Shiti zipitishwe kwenye mashine ya kubana hadi unene wa milimita 3, zichuruzike kivulini usiku mmoja, kisha zitundike kwenye mianzi bila kugusana.

4. Ning'iniza kipimajoto katikati. Nyuzi 45 hadi 55 zinatosha. Ikipita 60, shiti zinatoa malengelenge. Fungua mlango kidogo.

5. Jua likizama, ziba tundu la chini na bomba, maana hewa ya usiku hapa imelowa. Siku moja nilipitiwa na usingizi, asubuhi nikakuta shiti zimeota ukungu. Hizi hazikukaushwa kwa moshi, ambao huzuia ukungu. Nilizifuta kwa kitambaa kibichi, moja moja, nikazirudisha.

6. Inua shiti uitazame dhidi ya mwanga. Doa jeupe ni maji yaliyobaki. Iliyokauka inapitisha mwanga, rangi ya asali. Mimi napima na mzani pia: uzito usiposhuka siku mbili mfululizo, toa.

Januari zilinichukua siku 6. Masika silikabidhi kaushio bila tanuri la kuni pembeni.