Kupanga safari ya siku mbili Salem, Massachusetts, hatua kwa hatua

Julai iliyopita shangazi yangu alikuja kutoka Tanga kututembelea hapa Lowell, Massachusetts, akasema anataka kuona mji mmoja wa zamani wa pwani, mji mdogo wa kutembea kwa miguu, tulale usiku mmoja turudi. Nikamwambia twende Salem. Safari ya kwanza niliiharibu, ya pili ikawa nzuri mno, na tangu hapo jamaa kama watatu wameniomba niwapangie ya kwao. Basi naandika yote hapa.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Usiende Oktoba. Najua kila mtu anataka Oktoba kwa sababu ya Halloween, lakini mwezi huo mmoja mji unapokea wageni zaidi ya milioni moja, na ni mji ambao katikati yake unaikatiza kwa miguu chini ya nusu saa. Foleni kila mahali, vyumba vinapanda bei mara mbili mara tatu, vyoo vyenyewe ni vya kupanga mstari. Mimi nasema Juni au Septemba. Julai na Agosti pia sawa ila jua ni kali, beba maji.

Hatua ya 2: Chumba (hii isome mara mbili)

Hapa ndo nilipoteza usiku mzima na pesa, kwa hiyo nitaongea sana.

Salem ziko nyingi Marekani. Iko Salem ya Oregon, hiyo ni makao makuu ya jimbo na iko upande wa pili wa nchi, si rahisi kuikosea. Inayokosewa ni Salem ya New Hampshire, maana iko jirani tu, mpakani na Massachusetts, kama kilomita 50 kwa gari kutoka Salem tunayoizungumzia, na haina bahari wala bandari. Mimi niliingia kwenye tovuti ya kubuku vyumba, nikaandika Salem, nikapanga kwa bei kuanzia ya chini, nikaona hoteli safi, picha nzuri, bei nusu ya nyingine zote, nikalipa fasta kabla haijachukuliwa. Sikujiuliza kwa nini ni rahisi hivyo. Na ukiwa Lowell, Salem ya New Hampshire iko karibu na wewe kuliko hii ya Massachusetts, kwa hiyo hata ile ramani ndogo ya pembeni haikunishtua, niliona kidoti kaskazini-mashariki ya kwetu nikasema haya, ndo hapo.

Siku ya safari tukapanda treni asubuhi, tukazunguka mji kutwa nzima na mabegi mgongoni kwa sababu nilishaamua tutaingia hotelini jioni. Saa moja usiku naita teksi kwenye simu, naona bei, nikadhani programu imekosea. Nikarudia. Ileile. Ndo nikafungua risiti nikasoma anwani yote kwa mara ya kwanza: NH. Shangazi amekaa kwenye benchi, miguu imevimba, ananiuliza, "Mwanangu, kwani kuna nini?" Nilipiga simu hotelini, wakanijibu vizuri tu kwamba chumba nilichokilipia ni cha aina isiyorudishwa pesa. Vyumba vya palepale mjini vilikuwa vimejaa. Tukarudi stesheni, tukangoja treni, tukashuka Boston, tukangoja nyingine ya Lowell, tukafika nyumbani karibu saa sita usiku. Mama wa watu hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi:

Tafuta kwa namba ya posta, usitafute kwa jina. Salem ya Massachusetts ni 01970. Ukiona 03079 hiyo ni ya New Hampshire, ikimbie. Kabla ya kulipa nakili anwani kamili uibandike kwenye ramani ya simu yako, si ile ya tovuti, afu uulize umbali wa kutembea kutoka Salem Station. Ikikwambia dakika 10 au 15, lipa. Ikikuletea masaa, acha.

Jina la mtaa halitoshi. Mtaa mkubwa wa Salem ni Essex Street, lakini Essex Street zipo pia Lynn, Lawrence, hata Boston. Soma mpaka mwisho wa mstari, mji na jimbo.

Lipia chumba kinachorudishwa pesa, hata kama kimezidi dola 20 au 30.

Na ukikosa chumba Salem kwenyewe, angalia Beverly, ni stesheni moja tu mbele kwa treni. Danvers pia kuna hoteli nyingi na ni rahisi, ila treni haifiki huko, kwa hiyo mpaka uwe na gari au ulipe teksi kwenda na kurudi, na ukipiga hesabu nafuu yote imekwisha.

Hatua ya 3: Kufika

Nenda kwa treni. Wenye magari wataniambia gari ni uhuru, lakini mitaa ya Salem ilipangwa kabla ya gari kuwepo duniani, utazunguka unatafuta parking mpaka hamu ikuishe.

Treni inatoka North Station, Boston. NORTH. Ukija kwa basi kutoka New York utashushwa South Station, na treni za hapo haziendi Salem kabisa. Chukua treni ya mjini ya Red Line hadi Downtown Crossing, badilisha uingie Orange Line hadi North Station. Kutoka uwanja wa ndege wa Logan kuna basi la bure mpaka stesheni ya Airport, hapo Blue Line hadi State, afu Orange Line. Ukishafika North Station panda ya Newburyport au ya Rockport, yoyote, zote zinapita Salem kabla hazijaachana kule Beverly. Ni kama nusu saa. Ukisikia Swampscott wametangaza, simama uchukue begi.

Kama ni wikendi kuna tiketi ya dola 10 ya kupanda treni hizo za mkoa utakavyo Jumamosi na Jumapili, nunua hiyo. Miezi ya joto kuna feri pia kutoka Boston, inachukua karibu saa moja. Kwenda kwa feri na kurudi kwa treni ndo mpango ninaoupenda mimi, maana Salem ni mji wa meli, inafaa uuone kwanza ukitokea baharini.

Hatua ya 4: Tiketi za kuingilia

Jumba la kale la House of the Seven Gables wanaingiza kwa mafungu na kwa saa, nunua mapema mtandaoni. Makumbusho ya Peabody Essex yana siku za kufungwa katikati ya wiki, angalia kalenda yao kabla hujapanga kitu kingine chochote.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, bandari

Wengi wanaanza na wachawi, yaani zile kesi za 1692 ambapo watu wa hapa walishtakiwa kwa uchawi. Mimi nakushauri uanze na bandari, na kama wewe ni mtu wa pwani yetu basi nakusihi.

Shuka mpaka Derby Wharf. Ni gati refu, mwishoni kuna mnara mdogo wa taa wa 1871. Tembea mpaka mwisho, usiishie katikati. Eneo hili linalindwa na serikali ya Marekani tangu 1938, la kwanza la aina yake nchini, na kutembea hapo hulipi kitu. Ukigeuka unaitazama nyumba ya forodha ya 1819 yenye tai juu. Mji huu ulitajirika kwa pilipili manga ya Sumatra, chai ya China, halafu Zanzibar.

Ndiyo, Zanzibar. Meli za Salem zilianza kuja kwetu miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani kule Muscat, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani aliyefika Zanzibar 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa hapahapa Salem. Walichukua pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi (utomvu mgumu wa miti), hiyo sandarusi ilikuwa inasafishwa Salem ipate kutengenezwa vanishi. Wakaleta bunduki, baruti, na kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa. Kitambaa hicho ndo merikani.

Nilipomweleza shangazi hapo kwenye gati alisimama. Bibi yetu alikuwa anasema merikani kila siku, shuka la merikani, sanda ya merikani, na kaniki kumbe ni merikani iliyotiwa rangi ya nili. Kitambaa chenyewe kilifumwa viwanda vya Massachusetts na majirani zake, Lowell ikiwemo, huku ninakokaa mimi, napita kwenye majengo yale ya matofali kila asubuhi nikienda kazini. Na pamba ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na zile pembe kwetu zilibebwa mabegani mpaka pwani na watu ambao wengi wao hawakuwa huru. Shangazi akaniambia, "Kumbe pande zote mbili walioumia ni sisi." Tukakaa kimya kidogo.

Baada ya gati nenda Peabody Essex. Chanzo chake ni chama cha 1799 cha manahodha wa Salem, na hukuruhusiwa kujiunga mpaka uwe umezunguka Rasi ya Tumaini Jema au Pembe ya Amerika Kusini. Wana picha ya kuchorwa ya Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid Said aliyefika New York na merikebu Sultana mwaka 1840. Vitu vinabadilishwa ukumbini kwa hiyo usiende kichwakichwa, ulizia mapokezi kama imewekwa ukumbini siku hiyo. Ndani pia kuna nyumba nzima ya Kichina, Yin Yu Tang, iliyofunguliwa vipandevipande China na kuunganishwa upya hapa, tenga saa nzima.

Ukirudi pitia maktaba ya umma ya Essex Street. Ilikuwa nyumba ya John Bertram, nahodha na tajiri wa biashara ya Zanzibar.

Hatua ya 6: Siku ya pili, 1692

Anza kwenye kumbukumbu ya waliouawa kwenye kesi hizo, iliyo pembeni ya makaburi ya Charter Street, asubuhi kabla makundi hayajafika. Mabenchi 20 ya mawe, kila moja jina na tarehe. 19 walinyongwa, na mzee Giles Corey alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Hakuna aliyechomwa moto, hiyo ni hadithi tu. Pale unapoingilia tazama chini ya miguu yako: maneno ya waliokuwa wakijitetea yamechongwa sakafuni na ukuta unayakata katikati ya sentensi. Mimi hapo nilinyamaza.

Kisha nenda Proctor's Ledge, waliponyongewa. Watafiti walipathibitisha 2016 tu. Ukumbusho ulizinduliwa 19 Julai 2017, miaka 325 tangu wanawake watano wanyongwe siku moja. Ni mtaa wa makazi ya watu, tembea taratibu, usipige kelele.

Witch House ni nyumba ya jaji Jonathan Corwin, jengo pekee mjini lililobaki lenye uhusiano wa moja kwa moja na kesi zile. Ingia. Ila yale maduka na maonyesho ya vinyago vya kutisha mimi siyapendekezi hata moja, watu 20 waliuawa kwa kusingiziwa uchawi na sisi tunajua kwetu vikongwe bado wanauawa kwa neno hilohilo, sioni cha kuchekea.

Muda ukibaki kaa kidogo Charlotte Forten Park, Derby Street. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha ualimu cha Salem, mwaka 1856, akaenda kusini kufundisha watu waliotoka utumwani.

Hatua ya 7: Kurudi

Piga picha ratiba ya treni ya jioni ukiwa bado una chaji, wikendi zinapishana muda mrefu. Na viatu viwe vya kutembelea, shangazi alivaa ndala safari ya kwanza, ya pili nilimnunulia raba.