Selimundu: yawahi maumivu yakiwa bado madogo

Maumivu ya selimundu, au siko seli kama wengi tunavyoiita, huanza pale chembe nyekundu za damu zinapojipinda mfano wa mundu, zikanata na kuziba vijishipa. Mfupa uliokosa damu ndio unaouma. Yakishapanda, kidonge kimoja hakiyashushi. Kwa hiyo kazi kubwa ya kijana iko mwanzoni: kuyazuia, na yakija, kuyawahi ndani ya saa ya kwanza.

Maji

Mwenye mwili wa mtu mzima anywe kama lita 3 kwa siku, yaani chupa mbili za lita moja na nusu, na azidishe wakati wa joto la kaskazi. Ya kwanza iwe imekwisha kabla ya adhuhuri. Usipime kwa rangi ya mkojo: figo za mwenye selimundu mara nyingi haziwezi kuukoleza, basi unaweza kuwa mweupe huku mwili umekauka. Hesabu chupa. Dafu na uji mwepesi navyo vimo katika hesabu.

Skuli ndipo mpango huu unapovunjika, kwani mtoto huacha kunywa ili asiombe ruhusa ya choo kila saa. Mwanzo wa muhula mzazi apeleke barua ya daktari inayotaja mambo matatu: chupa mezani, choo bila maswali, na kupumzika wakati wa michezo anapochoka.

Kuhusu Ramadhani, zungumza na daktari mwezi haujaandama. Saa kumi na tatu na zaidi bila maji ni nyingi kwa damu hii, na ruhusa ya mgonjwa imo katika Al-Baqara aya ya 184.

Baridi

Mgeni hudhani Zanzibar hakuna baridi. Ipo: kipupwe cha Juni hadi Agosti, mvua ya masika inayokulowesha ukisubiri daladala, na kiyoyozi cha boti ya Unguja na Pemba. Beba sweta, wacheke wanaotaka kucheka. Bahari hukatazwi, ila ingia taratibu maji yakiwa vuguvugu, toka kabla hujatetemeka, na taulo likusubiri ufukweni. Wengi huponzwa na kukaa na nguo mbichi kwenye upepo.

Saa ya kwanza

Yape maumivu namba, 0 hadi 10, uandike na saa. Kunywa glasi mbili za maji. Mwenye kilo 50 na zaidi ameze paracetamol vidonge 2 vya miligramu 500. Arudie baada ya saa 6, asizidishe 8 kwa siku. Mwenye uzito mdogo afuate kipimo alichopewa hospitali. Ibuprofen au diclofenac humezwa baada ya kula, na tu ikiwa daktari amekuruhusu, maana zinaweza kuumiza figo, hasa mwili ukiwa umekauka. Dawa hizo mbili ni ndugu: chagua moja. Soma pakiti pia, kwani vipo vidonge vya mchanganyiko vyenye paracetamol ndani, na mtu hujikuta amemeza dozi mara mbili.

Tia maji ya moto kwenye chupa, ifunge kwa kanga, uweke panapouma dakika 15 hadi 20. Barafu ya mwanamichezo aliyeteguka si yako, hukaza mishipa. Hijama nayo tunaikataa: humpunguzia damu mtu ambaye tayari ana upungufu. Vidonge vya kuongeza madini ya chuma visimezwe bila kupimwa damu kwanza. Kinachotumika sana ni folic asid, vitamini inayosaidia mwili kutengeneza damu.

Ukilala kwa maumivu, vuta pumzi ndefu mara 10 kila baada ya saa 2 ukiwa macho. Kifua kinachopumua juu juu ndicho kinachoshika maradhi.

Usikae nyumbani

Nenda hospitali hapo hapo ukiwa na homa ya 38 au zaidi, kifua kuuma au pumzi kukata, kichwa kuuma vibaya, upande mmoja kulegea, ulimi kuwa mzito, weupe wa ghafla wa kupungukiwa damu, tumbo kuvimba upande wa kushoto, au maumivu yasiyoshuka kwa dawa.

Vijana wa kiume wafiche jengine, hili wasifiche: uume kusimama wenyewe kwa maumivu na kukataa kulala. Kojoa, kunywa maji, tembea kidogo, oga maji ya vuguvugu. Ukidumu hivyo kwa saa 2, ondoka uende hospitali. Ukipita saa 4, madhara yanaweza kuwa ya kudumu.

Maumivu ya nyonga yanayorudi kila ukitembea, wiki baada ya wiki, si shambulio la kawaida. Huenda kichwa cha mfupa wa paja kimekosa damu, basi omba eksirei.

Karatasi

Siku ya maumivu makali hutaweza kujieleza. Andika kabla: aina ya selimundu, kundi la damu, dawa za kila siku (haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulio, ikiwemo), dawa zinazokudhuru, dawa iliyokusaidia mara ya mwisho na kipimo chake, na simu ya mtu wa nyumbani. Weka nakala moja kwenye mkoba wa skuli na nyengine nyuma ya kava la simu. Dozi ikibadilishwa kliniki, badilisha zote mbili siku hiyo hiyo.