Ukishikwa na Q bila U kwenye Scrabble

Vijana wetu wa Lamu mnaocheza Scrabble barazani, ule mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza kwa vigae vya herufi, msiihofu Q mkikosa U, ambayo kwa Kiingereza huifuata kwa kawaida. Maneno yake mengi kamusi ya Kiingereza iliyachukua kutoka Kiarabu, na nyinyi mmeyajua tangu chuoni, madrasani.

Shikeni kwanza WAQF, yaani wakfu. Herufi nne tu, irabu moja, na thamani yake ni pointi 19 kabla hata ya kuhesabu miraba ya rangi inayozidisha pointi. QIBLA ni kibla, pointi 16. QADI ni kadhi, 14, na ukiwa na K au C badala ya Q, KADI na CADI pia zinakubalika. TALAQ nayo 14, na uzuri wake Q inakaa mwisho, kwa hiyo chunguzeni nafasi ambazo mwenzenu hakuziona.

Z nayo msiitupe: KANZU na MZUNGU zina 18 kila moja, MZEE 15. KIKOI ni halali, ila K ni moja tu kwenye mfuko mzima, kwa hivyo ya pili lazima iwe kigae kitupu, nacho hakina pointi.

Wingi huenda kwa Kiingereza: KANZUS, DUKAS. Hiyo S ya mwisho ndiyo mlango wa kuandika neno jengine kwenda chini.

Haya yote yamo katika orodha ya Collins, yaani mojawapo ya orodha za maneno yanayokubalika katika Scrabble. Orodha ya Amerika Kaskazini ni fupi zaidi, basi kubalianeni mnatumia ipi kabla ya kuchota vigae.