Kabla hujaenda North Horr na Loiyangalani solo na pikipiki: mambo ya kuzingatia

Siku hizi mtu akisema anaenda kaskazini mwa Kenya na pikipiki mara nyingi anamaanisha Moyale, na Moyale kusema ukweli imekuwa rahisi, ni lami kutoka Isiolo mpaka mpakani, kama kilomita 500 hivi, hata Boxer ya bodaboda inafika. Cha kuogopa huko ni ngamia wanaovuka giza likiingia na zile gari za miraa, hazingoji mtu. Mi naongelea ukiiacha lami pale Marsabit ukashuka Maikona, Kalacha, ukakata jangwa la Chalbi mpaka North Horr, halafu Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana, na kurudi ni kupitia South Horr. Na uko peke yako, hamna gari ya kubeba mizigo nyuma. Vitu ambavyo kikundi hugawana, yaani pampu, maji, spana, mikono ya kuinua pikipiki, vyote ni vyako.

Kwa hivyo anza na uzito. Jaza tanki, funga mizigo yote vile utasafiri nayo, ilaze chini kwa kiwanja uiinue mwenyewe, kisha rudia tena na tena jua likiwa kali. Ikikushinda nyumbani, kwa mchanga wa Chalbi saa saba mchana usijidanganye, toa vitu ama tafuta pikipiki nyingine. Namna ya kuinua: zima injini, funga mafuta kama ina koki, weka gia isiteleze, geuka uipe mgongo, chuchumaa makalio yakiwa kwenye kiti, mkono mmoja kwa hendo mwingine kwa fremu, halafu sukuma na miguu ukirudi nyuma pole pole. Kama imelalia upande wa kulia toa kwanza ile stendi ya kando, la sivyo utaisimamisha halafu ikuponyoke iangukie upande wa pili. Zile mashine kubwa za kilo 250 zinapendeza kwa picha lakini mi kwa safari ya mtu mmoja ningechukua ya cc 150 hadi 250, na ikiwa ni ya aina ambayo bodaboda wanaendesha ni bora zaidi, manake fundi wa Marsabit anaijua na waya wa klachi hautaagizwa Nairobi.

Tairi ndo nataka usome vizuri. Kwa mchanga unapunguza upepo, mimi hushuka mpaka psi 18 au 20, pikipiki inaelea badala ya kujichimbia. Sasa shida ni kwamba ukikaribia ziwa unakutana na mawe meusi ya volkano, makali, na upepo ukiwa bado chini jiwe linabana tyubu kwa rimu linakata matundu mawili kwa mpigo. Kwa hivyo pampu si ya dharura tu, utaitumia kila barabara ikibadilika. Beba tyubu mbili, na kama nafasi hakuna beba ile ya mbele ya inchi 21, maana kwa shida inaingizwa hata gurudumu la nyuma la 18 ikakufikisha, lakini ya nyuma haiwezi kwenda mbele vizuri. Viraka, gundi mpya (ile iliyofunguliwa mwaka jana imeshakauka, iangalie), vyuma vitatu vya kubandua tairi na kipande cha sabuni. Na kabla ya kuondoka toa gurudumu la nyuma ukitumia vifaa vilivyo kwa begi lako peke yake, usikimbilie spana za fundi, hapo ndo utajua kama spana ya ekseli umebeba ama umeiacha kwa droo.

Mafuta: Marsabit jaza full, manake mpaka Loiyangalani kwa njia ya North Horr ni zaidi ya kilomita 250 na mchanga unakunywa mafuta kuliko lami. Katikati utapata ya chupa na mitungi madukani, bei ni yao, usibishane. Chuja kwa kitambaa kisafi na unuse kwanza, kuna mengine yameshachanganywa na mafuta ya taa. Jerikeni ya lita 5 ifungwe karibu na katikati ya pikipiki, isining'inie huko nyuma.

Maji hesabu yangu ni lita 6 kwa siku, nusu yake usiguse mpaka uone manyumba. Ya ziwa yana magadi, usiyategemee, na mamba wapo. Kisimani mifugo ikiwa kwa foleni ngoja ama omba, kuna mwenye zamu. Na kama ni Ramadhani beba chakula chako, kule Waislamu ni wengi na mchana hoteli nyingine hufungwa.

Msimu: epuka Machi mpaka Mei, na Oktoba mpaka Desemba. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka, ikinyesha inageuka tope la chumvi linalojaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kabisa. Usiangalie tu wingu la juu yako, mvua ya milimani inateremsha laga, yaani mto wa msimu, na wewe uko kwa jua. Hapo unalala upande ulioko.

Upepo nao si mchezo. Pale Sarima, kati ya Loiyangalani na South Horr, ndo wameweka mashine za umeme wa upepo 365, hawakuchagua mahali hapo bure. Unavuma kutoka kusini mashariki na huwa mkali zaidi usiku hadi asubuhi, kwa hivyo ule mtindo wa kutoka alfajiri upande huo haukusaidii sana. Mabegi mapana ya kando yanashika upepo, funga mzigo chini na mwembamba. Pia jaketi usiache, Marsabit asubuhi ni ukungu na baridi halafu masaa machache baadaye uko Maikona unachemka.

Usalama uliza siku hiyo hiyo, polisi na madereva wa lori, si mtu aliyepita mwaka jana. Upande wa Baragoi na bonde la Suguta ndo mimi ningekaa mbali nao ukiwa peke yako, 2012 huko waliuawa polisi zaidi ya 40. Usiku usiendeshe. Picha omba kwanza.

Simu inashika mijini, katikati mara nyingi hakuna kitu. Mwachie mtu mmoja ratiba na saa ya mwisho, ikipita hiyo saa bila habari apige polisi wa mji uliokuwa unaelekea. Kifaa cha setilaiti kama unaweza kununua nunua. Kava ya ndege ya AMREF Flying Doctors ichukue kabla. Pesa taslimu za noti ndogo pia.

Mwisho kamba, mita kumi nzuri. Pikipiki ikikufa kabisa utarudi na lori la mbuzi, yapo yanayoteremka kuelekea Isiolo na Nairobi, na bei patana na dereva kabla mbuzi hawajapakiwa, wakishajaa utaambiwa nafasi iliyobaki ni ya juu kwa vyuma na unalipa vile vile.