Beseni, kijiti na ua jekundu: majaribio ya likizo karibu na Ikweta

Ukitoka Kampala kwenda Masaka, pale Kayabwe barabara inapovuka Ikweta, utakuta mabeseni yamepangwa: moja kaskazini, moja kusini, na la tatu juu ya mstari wenyewe. La kwanza maji yake yakitoka huzunguka upande mmoja, la pili upande mwingine, la katikati hushuka wima. Mtoto akiona vile lazima aulize, na jibu analopewa ni kwamba dunia ndiyo inayoyazungusha. Jibu hilo si kweli. Mtoto wa miaka tisa anaweza kulipima mwenyewe uani kwa beseni la kufulia.

Tafuta beseni la plastiki la duara, upana wa sentimita 40 hivi, lenye sehemu ya chini iliyo bapa. Yale yenye mistari au maandishi yaliyoinuka ndani hayafai, kwani mistari huyaelekeza maji. Pima katikati kwa uzi mara mbili, ukikatisha msalaba. Mtu mzima apashe msumari wa inchi 4 moto kwenye sigiri, aushike kwa koleo, atoboe, kisha alipanue tundu kidogo kidogo mpaka kalamu ya wino ipite bila kukwama, yaani kama milimita 8. Kazi hii ifanyike nje, moshi wa plastiki haufai kuvutwa. Halafu kwangua kingo za tundu kwa wembe. Donge dogo la plastiki likibaki upande mmoja, litaamua mzunguko kabla ya mtoto kuanza.

Kizibo kinachongwa kutoka kwa kandambili iliyochakaa: kipande chembamba juu, kinene chini, kichomekwe kutoka chini ya beseni. Wengi hukosea hapa. Ukichomoa kizibo kwa juu, mkono umeingia majini na umeshayakoroga. Kwa chini unakivuta tu, na uso wa maji hautikisiki.

Weka beseni juu ya nguzo mbili za matofali, na beseni jingine chini ya tundu. Kwa njia hiyo lita 10 zilezile, nusu ya jerikani, zinatosha siku nzima. Hakuna haja ya kumrudisha mtu bombani. Kwa kielea, kata vichwa vya njiti mbili za kiberiti, zifunge msalaba kwa uzi mwembamba na uziweke zielee katikati ya maji. Vumbi la mbao au pilipili manga hutawanyika, ukabaki unabishana na watoto nani ameona nini. Msalaba ukizunguka, kila mtu anaona.

Kabla ya kumwaga chochote, mtoto aandike kwenye daftari anachotarajia. Akiandika baada ya kuona, atakumbuka kwamba alijua tangu mwanzo.

Mara ya kwanza, mwaga maji kwa jagi ukiyaelekeza kandokando ya ukingo, yafuate mwendo wa mishale ya saa. Subiri nusu dakika. Uso utaonekana umetulia kabisa. Vuta kizibo. Kwanza hakuna kitu. Kisha msalaba unaanza kujigeuza polepole, na kadiri maji yanavyopungua unaongeza kasi, nao unafuata saa. Mara ya pili mwaga kinyume: msalaba nao utageuka kinyume. Mara ya tatu mimina polepole juu ya kiganja kilichofunguliwa katikati ya beseni, maji yasambae pande zote sawasawa, nayo yatashuka karibu bila kuzunguka. Beseni halijasogea hata kidole kimoja, na onyesho lote la Kayabwe limekamilika. Gulu, kaskazini ya Ikweta, na Kabale, kusini yake, matokeo ni yaleyale.

Sababu ni kwamba maji yaliyoonekana kutulia yalikuwa bado yanazunguka taratibu mno. Yanapovutwa kuelekea tundu duara lao linapungua, na kasi inapanda, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka akikunja mikono kifuani. Mpe mtoto saa apime muda. Yakishuka wima, lita 10 huisha kwa dakika 8 au 9. Yakizunguka sana huchelewa, kwa kuwa hewa inakalia katikati ya tundu.

Jaribio la nne linataka subira. Jaza jioni, ndani ya chumba kisicho na upepo, funika kwa kitambaa kikavu bila kugusa maji, vuta kizibo asubuhi. Rudia siku tano. Safari nyingine yatazunguka huku, nyingine kule, nyingine hayatazunguka. Yakienda upande mmoja siku zote tano, kagua kingo za tundu kabla ya kuisingizia dunia.

Hata hivyo dunia haina ukimya kamili katika jambo hili. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alitumia tangi la upana wa karibu mita 1.8, akaacha maji yatulie saa 24, kisha yakatoka kwa dakika 20 hivi kupitia tundu dogo. Yalizunguka kinyume cha saa. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney, Australia, walipata upande wa pili. Lakini hatua ishirini au thelathini kutoka Ikweta, nguvu hiyo ya mzunguko wa dunia ni dhaifu zaidi ya mara laki mbili kuliko kule Marekani. Beseni haliwezi kuihisi.

Siku ya mvua, chukua maua matano mekundu ya haibiskasi yanayopandwa kandokando ya nyumba, yararue, yamwagie kikombe cha maji ya moto, uchuje baada ya dakika 10. Gawa rangi hiyo kwenye vikombe vitatu. Matone ya limau yanaigeuza nyekundu angavu. Maji ya majivu ya maganda ya ndizi yaliyochujwa yanaigeuza kijani. Kikombe cha tatu usikiguse, ni cha kulinganishia. Rosela kavu ya sokoni huwachanganya watu: yenyewe ni chachu, hivyo ukiongeza limau hakuna kinachobadilika. Maji ya majivu yanawasha macho, kwa hiyo mtoto asiyachezee. Dawa ya kung'arisha nguo isitumike hapa kabisa.

Jaribio la kijiti ndilo la mwaka mzima. Simamisha kijiti wima kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, kichomekwe kwenye kopo la mchanga, ncha iwe sentimita 50 kutoka sakafuni. Hakikisha wima kwa uzi wenye jiwe. Kirefu zaidi ya hapo si bora: ncha ya kivuli inazidi kufifia, hujui utie alama wapi. Kuanzia saa 6:15 mchana weka alama ya chaki kwenye ncha kila baada ya dakika 5 mpaka saa 7:15. Alama iliyo karibu zaidi na kijiti ndiyo adhuhuri ya kweli. Mtoto asiliangalie jua, kivuli kinamtosha.

Kampala, wakati wa likizo, kivuli kifupi kuliko vyote hakiji saa 6 kamili bali karibu saa 6:50. Saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Kampala iko kwenye nyuzi 32.6, na jua huchukua dakika 4 kwa kila nyuzi.

Tarehe 20 Mei kivuli hicho kitaelekea kusini, sentimita 18 hivi. Mwisho wa Agosti bado ni kusini, ila kimebaki sentimita 8 au 9. Alama za chaki zitafutwa na mvua, kwa hiyo zitie rangi, au piga msumari mdogo kila mahali. Siku chache kabla ya Krismasi rudisha kopo palepale: kivuli kitakuwa sentimita 22, na kitakuwa kimehamia upande wa pili wa kijiti, kikielekea kaskazini.